Mkanda Haupigi Muziki

Jamani, hivi ni nani aliyetuambia kwamba mtu hawezi kupiga ukulele mpaka awe na mkanda wa kuvaa begani?

Nauliza kwa sababu kauli hii nimeisikia mara nyingi mno siku hizi, na kila inaposemwa inasemwa kwa uhakika wa mtu anayetaja jina la baba yake. Vijana wa Mikocheni wanaisema. Wauza ala wa Kariakoo wanaisema (hao nawaelewa, mkanda ni biashara). Sasa nimeikuta Kilwa Masoko, na huko ndiko iliponichefua kiasi cha kukaa chini na kuandika.

Kisa chenyewe kifupi. Kikundi kimoja cha vijana kilipewa msaada wa ukulele 12. Kwa wasioijua, ukulele ni kigita kidogo cha nyuzi nne. Ile ndogo kabisa ina urefu wa kama nusu mita, na uzito wake haufiki mfuko wa sukari wa kilo moja. Mkufunzi aliyetoka mjini akafungua maboksi, akachungulia, akatangaza kwamba mikanda haimo. Akasema vijana wakianza bila mkanda watajifunza vibaya, tena wataziangusha zivunjike. Basi ukulele zikarudishwa kabatini kusubiri mikanda. Nilipofika zilikuwa zimeshasubiri miezi minne. Kabati lina kufuli. Ufunguo anao katibu. Katibu yuko Dar.

Niseme wazi: huu ni upuuzi, na ni upuuzi wenye gharama. Kijana wa miaka 15 aliyekuwa na hamu mwezi wa tatu, mwezi wa saba hamu hiyo haipo tena. Amepata kazi ya kubeba samaki. Amehamia Lindi mjini. Hamu haiwekwi kabatini ikangoja.

Sasa tuijadili hoja ya mkanda yenyewe, maana sitaki mtu aseme napiga kelele tu bila kujua ninachokisema. (Na hapa pwani ukilitamka neno ukulele harakaharaka watu wanasikia UKELELE. Mama mmoja aliniuliza kwa nini vijana wafundishwe kupiga ukelele, mbona wanaujua tayari!)

Kwa nini ukulele inateleza? Kwa sababu moja kubwa: unacharaza kwa mkono mzima. Mkono wa kulia una kazi mbili kwa wakati mmoja. Kigasha, yaani ile sehemu kati ya kiwiko na kiganja, ndicho kinachoibana ala mwilini. Vidole ndivyo vinavyocharaza. Ukicharaza kuanzia kiwikoni, kigasha kinapanda na kushuka, na ala iliyoegemezwa hapo inapanda na kushuka nacho. Mkono wa kushoto unaona hatari, unakimbilia kuikaba shingo. Sasa shingo imekabwa, vidole vimekakamaa, huwezi kubadili kodi (wanamuziki wetu wanaziita hivyo, wala si zile za TRA), bega limepanda mpaka sikioni. Baada ya dakika kumi unafuta jasho na kusema: nahitaji mkanda.

Huhitaji mkanda, ndugu yangu. Unahitaji kukiacha kigasha kitulie na kucharaza kwa kifundo cha mkono.

Jaribu hivi. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Weka ukulele chini kidogo ya kifua, upande wa kulia, kichwa chake kikiinuka kidogo kuelekea bega la kushoto. Kigasha cha kulia kiegemee ukingo wa boksi na kuibana kwenye mbavu. Taratibu! Ukiikandamiza kama mtu anayekamua tui, mbao hazitatikisika, na mbao zisipotikisika sauti inafia humohumo ndani. Shingo ilale kwenye lile bonde kati ya kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Ilale tu, usiikamate kama mpini wa jembe.

Halafu fanya mtihani mdogo. Ondoa mkono wa kushoto, hesabu mpaka kumi. Kichwa kikiinama kidogo si hoja, mkono wa kushoto ukirudi utakipokea. Ala ikiporomoka, ujue kigasha hakijakaa mahali pake. Rudia.

Kucharaza sasa. Tumia kidole cha shahada: ukucha ukishuka, nyama ya kidole ikipanda. Charaza pale shingo inapoungana na boksi, au karibu na hapo. Kifundo kizunguke kama unavyokung'uta maji vidoleni baada ya kunawa mikono mezani. Hakuna Mswahili asiyejua mwendo huo, tunaufanya kila siku kabla ya kula. Ukitaka kusimama, pandisha ala juu zaidi kifuani na kigasha kiendelee na kazi yake. Usivae shati la kuteleza. Shati la pamba linashika vizuri. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze yote hayo.

Basi. Hakuna la zaidi. Wiki mbili za robo saa kila jioni na mwili unazoea. Mkanda ambao ungesubiriwa miezi minne ulikuwa umeshafungwa begani tangu ulipozaliwa, nao unaitwa mkono.

Lakini kinachoniuma ni zaidi ya ukulele. Hebu niambieni, imekuwaje watu wa Kilwa, KILWA, waambiwe na mgeni kwamba ala ya nyuzi haishikiki bila mkanda?

Pwani hii ina zeze. Msilichanganye na zeze la Wagogo, lile la kupigwa kwa upinde ambalo marehemu Hukwe Zawose alilitembeza duniani mpaka alipofariki mwaka 2003. Zeze ninalolisema limejulikana kwa Waswahili, Wamakonde na wengine wa ukanda huu. Ni ubao mwembamba mrefu wenye uzi mmoja au zaidi, na chini yake kimefungwa kibuyu kilichokatwa. Kwenye ncha moja ubao umechongwa vinundu vichache vya kubania uzi. Halina boksi la kuegemeza kigasha wala kiuno cha kukaa pajani. Kwa macho ya yule mkufunzi wetu, zeze ni ala isiyoshikika kabisa!

Na bado linashikwa. Unalilaza mshazari mbele ya kifua, mdomo wa kibuyu ukielekea mwilini. Mkono wa kushoto unabana nyuzi kwenye vinundu, wa kulia unazidonoa. Halafu ndipo utamu unapokuja: mpigaji anakisogeza kibuyu. Akikigandisha mwilini sauti inafunikwa, akikiachia inafunguka. Sauti inapumua. Ukilifunga zeze kwa mkanda lisisogee, umeliziba mdomo. Kwenye zeze, kushika ndiko kupiga kwenyewe.

Nilimsimulia kisa cha lile kabati mzee mmoja wa Kilwa Kivinje ambaye ujanani mwake alikuwa akipiga zeze barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Mkanda wa nini, mjukuu wangu? Mkono umekwenda wapi?" Nikakosa jibu. Nikamwambia marahaba badala ya kumwambia asante, akacheka sana.

Si zeze tu. Mtazame mpiga udi. Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, ina zaidi ya karne ya taarab, na udi ni ala yenye mgongo wa duara kama nusu ya tikiti maji, inayotaka kubiringika muda wote. Wapiga udi wanaulaza pajani, wanaupitishia kigasha, wanapiga harusi mpaka alfajiri. Litazame gambusi, lililochongwa kwa gogo moja na kuwambwa ngozi tumboni, lililotoka Yemen likafika kwetu, likafika Lamu likaitwa kibangala, likafika Ngazija likawa gabusi. Kote huko lilishikwa kwa mikono na mwili.

Halafu kuna mpingo. Hili ndilo linalonichekesha na kunitia uchungu pamoja. Misitu ya Kilwa ina mpingo, mti unaotengenezewa klarineti na zumari za Kizungu zinazopigwa kwenye kumbi kubwa za Ulaya. Mwaka 2009 misitu inayomilikiwa na vijiji vya Kilwa, Kikole na Kisangi vikiwemo, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, kwa msaada wa shirika la MCDI lenye makao yake hapohapo Kilwa Masoko. Sasa sikiliza: klarineti ni nzito kuliko ukulele ndogo, na wapigaji wengi wanaibeba kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Kidole kimoja! Mti wa Kilwa unabebwa na gumba la Mzungu usiku kucha, na kijana wa Kilwa anaambiwa hawezi kubeba kigita mpaka mkanda ufike kutoka Dar.

Najua yatakayosemwa, ngoja niyajibu mapema.

Wa kwanza atasema: ukulele si ya kwetu, zeze ni la kwetu, unachanganya mambo. Kweli, ukulele si ya kwetu. Lakini haikuwa ya watu wa Hawaii vilevile. Kigita kilichoizaa kilitoka Madeira, kisiwa cha Wareno. Kilifika Honolulu tarehe 23 Agosti 1879 kwa meli iitwayo Ravenscrag, pamoja na vibarua waliokuja kulima miwa. Mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, wakaanza kuvitengeneza huko. Watu wa Hawaii hawakusubiri vifaa kamili kutoka Lisbon. Walikipokea, kikachongwa kwa mti wao wa koa, wakakipa jina la lugha yao ambalo wengi hulifasiri kuwa kiroboto anayeruka, wakakishika walivyoona inafaa. Leo dunia nzima inaamini ni chao, na wana haki. Wareno hao hao walifika Kilwa zamani zaidi. Vasco da Gama alikuja kudai kodi (hii sasa ni ile ya TRA) mwaka 1502, na Francisco de Almeida aliuteka mji mwaka 1505 akajenga ngome. Waliondoka mwaka 1512. Hatukuletewa kigita, tuliletewa mizinga. Sasa kigita kimekuja wenyewe, kwa amani, 12 kwa mpigo, nasi tumekifungia kabatini.

Wa pili atasema: wewe ni adui wa maendeleo, mkanda una kazi yake. Unayo, wala sibishi. Anayeimba amesimama saa mbili jukwaani huku akizunguka, mkanda utamsaidia. Mwenye ukulele kubwa, au mwenye maumivu ya bega au kiganja, avae mkanda bila aibu. Mkanda ni kama mkongojo: anayeuhitaji autumie, na anayemcheka hana adabu. Ninachokikataa ni kumpa kila mtoto mkongojo kabla hajajaribu kutembea, halafu mikongojo ikikosekana tunamwambia akae chini.

Wa tatu, na huyu ndiye hatari, atasema: mambo ya kushika ni madogo, kuna shida kubwa zaidi Kusini. Barabara, maji, korosho, ufuta. Ndugu yangu, mimi ni mwandishi wa habari, hizo habari naziandika kila siku na naujua uzito wake. Lakini angalia jinsi fikra hii inavyofanya kazi. Kusini tumezoea kuambiwa tusubiri. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, mvua ikinyesha safari ya Kilwa na Lindi ilikuwa kusubiri. Kusubiri kivuko, kusubiri barabara ikauke. Daraja lilijengwa kwa sababu halikuwa kitu cha mtu kujijengea peke yake. Kushika ukulele ni kitu cha mtu kujifanyia, leo, kwa mwili wake. Ukimfundisha kijana kusubiri hata kile ambacho mikono yake inaweza, umemharibu kuliko barabara mbovu ilivyowahi kumharibu.

Tena kuna kitu kingine kinachopotea wakati tunasubiri. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, fedha zikatafutwa, kuta zikakarabatiwa, na mwaka 2014 yakatolewa humo. Vizuri sana, nafurahi. Lakini jiwe lililopasuka unaweza kulipaka chokaa hata baada ya miaka 500. Mkono wa mpiga zeze ukishazikwa, unapaka nini?

Msije mkanijibu kwamba ala zipo makumbusho. Zipo. Mwaka 1906, moto wa Majimaji uliowaka huku kwetu Umatumbini mwaka 1905 haujazimika kabisa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka Lindi, Masasi na Newala akikusanya vitu na kurekodi nyimbo kwa silinda za nta. Rekodi za namna hiyo zimetunzwa kwenye hifadhi ya sauti ya Berlin, na hifadhi hiyo iliingizwa kwenye programu ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Lakini silinda ya nta haioneshi kiwiko kilikaa wapi. Zeze lililotundikwa ukutani ndani ya kioo haliwezi kukuonesha kibuyu kilisogezwa lini na kwa kiasi gani. Makumbusho yanatunza chombo, hayatunzi mkono. Kamusi nazo zinaliandika zeze kwa mistari miwili mitatu na kupita.

Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa urithi usioshikika mwaka 2011. Jina lenyewe linachekesha ukilifikiria. Tumetia saini kuulinda urithi usioshikika, na hapohapo tunawaambia watoto kwamba hata ule unaoshikika hawawezi kuushika!

Kwa hiyo nasema nini? Nasema mambo matatu, na wahusika wanajijua.

Moja, fungueni hilo kabati. Leo. Kama ufunguo uko Dar, fundi wa makufuli yupo Kilwa. Gaweni ukulele, kaeni barazani, kigasha mbavuni, anzeni. Ikianguka moja ikapata ufa, itakuwa imekufa vitani, heri hiyo kuliko 11 nzima zinazooza kwa unyevu wa pwani.

Mbili, mkufunzi anayelipwa posho ya kufundisha kushika ala awe anayejua kushika. Wazee wa aina ya yule wa Kivinje wapo wachache, na kila msimu wa masika wanapungua. Waiteni, wapeni kiti, wapeni posho ileile anayopewa mtaalamu wa kutoka mjini, tena iitwe posho ya mtaalamu. Mnawaita kwenye sherehe kuja kupamba hotuba ya mgeni rasmi, kisha mnawapa soda. Mcheza kwao hutunzwa, na soda haimtunzi mtu.

Tatu, hii ni yenu nyie mnaosoma hapa, mliokaa Sinza na Kinondoni na simu zenye kamera nzuri. Mkienda likizo Kilwa, Lindi, Mingoyo, kokote kwenu, tafuteni mpigaji. Mwamkieni kwanza, mwombeni ruhusa, kisha msimpige picha ya uso tu mkaiweka na maneno matamu. Pigeni video ya kiwiko. Pigeni ya gumba. Pigeni kwa ubavuni, pale kibuyu kinapokutana na kifua. Halafu wekeni simu chini, mwombeni awape zeze mlishike nyie wenyewe, awacheke, awasahihishe. Hapo ndipo urithi unapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na hauna njia nyingine ya kuhama.

Mikanda ikifika siku moja, karibu. Tutaifungia mizigo.

Naomba kutoa hoja.